Mapambo ya gampesti kwa keki ya mtoto: mwongozo kamili, kuanzia siku nane kabla ya sherehe

Mtoto akiwekewa keki yenye tembo juu yake, keki yenyewe haioni. Anamwona tembo, na kabla wimbo haujaisha mkono wake uko njiani. Ninapopamba keki ya mtu mzima nafikiria macho. Ninapopamba ya mtoto nafikiria mkono ule na kinywa kinachousubiri. Ndiyo maana mapambo yote nitakayoyaeleza hapa yanalika. Hamna waya, hamna kijiti cha meno kilichofichwa shingoni mwa mnyama, hamna unga wa kumetameta usiojulikana umetokana na nini. Mahali pamoja tu patakuwa na vijiti, na hivyo ni vinene, vinaonekana, na vinahesabiwa vikiingia na vikitoka.

Jambo la pili ni muda. Karibu kila anayenieleza kwamba pambo lake lilivunjika au liliinama, nikimuuliza alianza lini, hunijibu jana yake. Gampesti haipendi kuharakishwa. Mpango wangu ni huu: siku ya nane kabla ya sherehe nakanda donge, siku ya saba naanza vitu vinene, yaani namba ya umri na mwili wa tembo, siku ya nne natengeneza vitu vyembamba kama vipepeo, siku ya pili napaka rangi za juu, na kupanga kwenye keki ni saa chache kabla ya wageni.

Gampesti ni kitu gani

Ni donge la sukari ya aisingi, ute wa yai, gundi ya chakula na mafuta kidogo. Ukiligusa likiwa bichi unaweza kudhani ni fondanti, lakini tabia zao ni tofauti. Fondanti ina gliserini na glukosi zinazoshikilia maji, hivyo hubaki laini na kukatika vizuri kwa kisu. Gampesti haina hizo. Ina gundi inayokaza, kwa hiyo husukumwa ikawa nyembamba kama karatasi, na ikikauka huwa ngumu na kusimama yenyewe. Fondanti ni ya kufunika keki; gampesti ni ya kusimamisha kitu juu ya keki.

Gundi ninayotumia ni tailosi, jina lililozoeleka la CMC, inayotokana na selulosi ya mimea. Kwenye kifungashio huandikwa E466. Wapambaji wa zamani walitumia tragakanthi, utomvu wa vichaka vya jamii ya Astragalus vinavyoota Asia ya Magharibi, ambayo ni E413. Bado inafaa, lakini tailosi ni nafuu, ni nyeupe zaidi, na haimsumbui anayeanza.

Siku ya nane: donge

Kipimo hiki hutoa takriban nusu kilo, kinachotosha namba moja, tembo mmoja, vipepeo kumi na herufi za jina la kawaida, na akiba kidogo ya vitakavyovunjika:

Ute wa mayai 2 makubwa, gramu 60 hivi
Sukari ya aisingi gramu 450, iliyochekechwa
Tailosi vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa
Mafuta magumu meupe ya mboga vijiko 2 vya chai

Kuhusu ute wa yai nina msimamo. Pambo hili halipikwi, na yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, ambao huwaumiza watoto wadogo zaidi kuliko wakubwa. Tumia ute uliopasteurishwa, yaani uliopashwa moto kuua bakteria, wa chupa au boksi, au ute wa unga unaochanganywa na maji kwa kipimo cha pakiti yake. Yai la kupasua mwenyewe liache kwa keki inayoingia ovenini.

Weka ute kwenye bakuli safi lisilo na chembe ya mafuta, piga kwa mashine sekunde kumi tu uvunjike. Tenga gramu 50 za sukari pembeni. Iliyobaki iingize kidogo kidogo mashine ikiwa kwenye mwendo mdogo, kisha ongeza mwendo upige dakika 2. Utapata aisingi nyeupe inayong'aa, ambayo ukiinua mchapo inasimama na ncha yake inainama. Ukitaka rangi moja kwa donge zima, itie sasa. Rudisha mwendo mdogo, nyunyiza tailosi yote kwa sekunde tano hivi huku mashine ikizunguka, kisha ongeza mwendo kwa sekunde chache. Hapo utaona mchanganyiko unakaza ghafla na mashine inaanza kulemewa. Zima.

Mimina kwenye meza uliyonyunyizia ile sukari uliyoitenga. Jipake mafuta viganjani na ukande kama unga wa mkate, ukiokota sukari kidogo kidogo. Usiilazimishe sukari yote iingie. Kipimo cha mwisho ni vidole: lifinye donge, na vidole vikitoka safi, basi. Likiwa bado linanata, kanda zaidi kabla ya kuongeza chochote, kwa sababu tailosi inaendelea kunywa maji hata baada ya kuacha kukanda.

Lifunge kwa plastiki ya chakula ukilibana hewa itoke, litie kwenye mfuko, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Liache kwenye friji saa 24. Usiku huo si wa hiari. Donge lililotumika siku hiyohiyo huvutika kama mpira na hurudi nyuma unapolisukuma. Likilala, hutulia na kutii. Kesho yake litoe, lingoje lifikie joto la chumba, ulikande tena kwa mafuta kidogo.

Kama kuna mtoto mwenye mzio wa yai, njia ni nyingine: chukua fondanti ya dukani gramu 250 baada ya kusoma lebo yake kuhakikisha haina yai, ikandie kijiko 1 cha chai cha tailosi na uilaze usiku mmoja. Haisukumiki ikawa nyembamba sana, lakini kwa wanyama na herufi ni nzuri kabisa.

Tengeneza na gundi yako siku hiyo: robo kijiko cha chai cha tailosi ndani ya vijiko 2 vikubwa vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tikisa, iache usiku. Itaonekana kuwa na mabonge na utadhani imeharibika. Asubuhi itakuwa ute mwepesi unaoteleza. Ipake kidogo kuliko unavyotaka. Gundi ikizidi, vipande huteleza badala ya kushika.

Vifaa, kwa ufupi

Kifimbo cha kusukumia kisicho na mikwaruzo, kisu chembamba chenye ncha, brashi mbili laini ambazo hazijawahi kugusa rangi ya ukutani, sponji safi ya kuanikia, kijiti chenye vichwa vya mviringo cha kulainishia kingo, na vikataji vya maumbo unayotaka. Kalibu za silikoni ni hiari. Wanga mweupe wa mahindi uufunge kwenye kitambaa chepesi uwe unaugongagonga mezani. Mwingi hukausha donge na kulipasua. Mimi wanga nautumia ninapokata, na mafuta ninapofinyanga. Vikipishana hivyo mambo huenda vizuri.

Na sheria moja isiyo na msamaha: donge lisilotumika lifunikwe. Hata dakika tano wazi hulijengea ngozi ngumu, na ngozi hiyo ukiikandia ndani hubaki kama punje za mchanga.

Rangi, na onyo

Tumia rangi ya jeli, kwa kuichota kwa ncha ya kijiti. Rangi ya maji hulegeza donge. Rangi nyepesi hazina tabu. Nyekundu na nyeusi zina tabu: hutaka jeli nyingi, jeli nyingi hulainisha donge, nawe utalazimika kuongeza tailosi kidogo. Kwa hizo mbili nashauri ununue donge lililotiwa rangi tayari. Rangi zote huiva zikilala, kwa hiyo simama kabla hujafika unapotaka, usubiri kesho. Waridi na zambarau hufifia kwenye mwanga. Anikia mapambo yake mbali na dirisha.

Sasa onyo. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto 6 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa kung'arisha wa rangi ya dhahabu yenye uwaridi. Unga ule ulipopimwa ulikutwa na shaba nyingi sana. Mwaka uliofuata, huko Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na madini ya risasi mwilini, na unga uliopambia keki yake ukakutwa nayo pia. Unga wa aina hiyo huuzwa rafu moja na vifaa vya keki, mara nyingi ukiwa umeandikwa kwamba hauna sumu. Maneno hayo hayatoshi. Chaki nayo huandikwa hivyo, na hakuna anayeila. Tafuta kikopo kinachosema wazi kwamba kinaliwa na chenye orodha ya viambato, kama chakula kingine chochote. Kisicho na orodha kisiingie jikoni siku unayopamba keki ya mtoto.

Siku ya saba: namba ya umri

Chora namba kwenye karatasi ngumu, urefu wa sentimita 10 hadi 12, ukate. Shingo za namba zifanye nene. Namba 2 na 5 huvunjikia shingoni kila mara. Sukuma donge unene wa milimita 4, weka karatasi juu, kata kwa kisu kilichosimama wima, ukikibonyeza chini badala ya kukiburuta, maana kuburuta huvuta kingo. Kata namba mbili zilizoelekea upande mmoja.

Paka gundi juu ya ya kwanza. Laza vijiti viwili vya keki, vile vya kuliwa navyo peremende, vyenye urefu wa sentimita 15 hivi. Nusu ndani ya namba, nusu nje kwa chini. Vikandamize kidogo vizame, kisha funika kwa namba ya pili na usawazishe kingo kwa kidole chenye mafuta. Ilaze juu ya sponji.

Namba yangu ya kwanza niliianika juu ya sahani, usiku mmoja, bila kuigeuza. Juu ilikuwa ngumu kama kigae, chini ilikuwa mbichi, na nilipoisimamisha kwenye keki ikakatika mbele ya mtoto mwenye siku yake. Tangu hapo naigeuza baada ya saa 12, kisha kila siku asubuhi na jioni, kwa siku tano au sita. Sponji inapitisha hewa chini, sahani haipitishi.

Siku ya saba na ya sita: tembo

Mnyama mnene usimfinyange kwa gampesti tupu. Nje hukauka haraka, ndani hubaki bichi, na tofauti hiyo hupasua ngozi. Kanda gampesti na fondanti nusu kwa nusu, kisha utie rangi ya kijivu, ambayo ni tone la jeli nyeusi kwenye donge jeupe. Utahitaji gramu 140 hivi. Pima kwa mizani. Macho hudanganya, na mnyama mwenye miguu isiyolingana haponi.

Gawa hivi: mwili gramu 60, kichwa 35, miguu minne gramu 8 kila mmoja, masikio mawili gramu 5 kila moja. Vilivyobaki ni mkia.

Kila kipande kianze na mpira usio na ufa hata mmoja. Uviringishe kati ya viganja kwa nguvu mwanzoni, kisha kwa wepesi. Ufa unaouona sasa utakuwa mkubwa zaidi ukikauka, na hakuna gundi itakayouficha.

Mwili: bana mpira upande mmoja upate umbo la tone la maji, usimamishe upande mpana ukiwa chini. Tembo huyu amekaa kitako, na ndiyo sababu nilimchagua: mnyama aliyekaa haanguki, ila wa kusimama kwa miguu minne atakupa usiku wa wasiwasi. Chomeka tambi moja mbichi, ile nyembamba na ndefu, kutoka juu hadi chini, ukiacha sentimita 2 zijitokeze shingoni. Tambi ni chakula. Ikibaki kinywani mwa mtoto haichomi kama kijiti cha meno. Hata hivyo mwambie mama au baba wa mtoto kwamba ipo, na kwamba ni ya ngano, endapo kuna asiyekula ngano.

Miguu ni vijiti vinene vilivyopindwa kidogo mwishoni. Miwili ya nyuma ielekee mbele ikiwa imelala, miwili ya mbele iegemee tumbo. Bandika kwa gundi, ushike hesabu ya thelathini. Kucha zichore kwa ncha ya mrija wa kunywea ulioinamishwa, unaoacha alama ya nusu mwezi. Mwache alale hivyo, bila kichwa, hadi kesho. Kichwa kikiwekwa juu ya mwili mbichi huukandamiza, na tembo huzeeka kabla ya kuzaliwa.

Siku ya sita fanya kichwa. Mpira wa gramu 35, ukiviringishe upande mmoja kwa kidole cha shahada hadi mkonga utokeze kutoka kwenye kichwa chenyewe. Usiubandike mkonga kama kipande cha pekee. Kiungo hicho ndicho cha kwanza kukatika. Pinda ncha juu, chora mikunjo kwa mgongo wa kisu. Masikio yaponde yawe bapa ya milimita 3, lainisha kingo ziwe nyembamba, bandika pembeni, na uyategemeze kwa vipande vya sponji hadi yakauke. Macho ni punje mbili nyeusi ndogo kama kichwa cha pini. Weka macho chini ya katikati ya uso na mbali kidogo kati yao. Hapo ndipo uso wa mtoto unapotokea. Yakipanda juu, tembo anakuwa mzee mkali.

Chomeka kichwa kwenye tambi kwa gundi. Mkalishe tembo juu ya kisahani cha gampesti cha milimita 3 ulichokikata mapema. Kisahani hicho kitamzuia asizame kwenye keki laini, na kitamfanya ahame bila kuguswa. Siku tano zinamtosha. Nje atakuwa mkavu, ndani atabaki na ulaini, na hilo halina ubaya kwa mtu atakayemng'ata.

Siku ya nne: vipepeo na herufi

Kwa vipepeo turudi kwenye gampesti tupu. Sukuma hadi milimita 1 au chini yake. Ukiinua kipande kwenye mwanga uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Kata wachache kwa mara moja na uwafunike waliosubiri.

Laza bawa kwenye sponji. Kichwa cha mviringo cha kile kijiti kiweke nusu juu ya ukingo wa bawa na nusu juu ya sponji, kisha kipitishe taratibu kuzunguka. Ukingo unakuwa mwembamba na unajipinda kidogo. Hatua hii ya nusu dakika ndiyo inayomtofautisha kipepeo na kipande cha biskuti, na wengi huiruka. Ukibana sana, ukingo hujikunja kama ukosi. Ukipapasa tu, hakibadiliki kitu.

Kunja kadi kwa umbo la V, tandika karatasi ya kuokea, mlaze kipepeo katikati. Mabawa yatakauka yakiwa yameinuka. Baada ya saa 24 weka kamba nyembamba ya donge katikati iwe mwili. Antena za waya sizitumii kamwe. Zichore kwa kalamu ya rangi ya kuliwa kwenye bawa, au ziache. Hakuna mtoto aliyewahi kuzidai.

Herufi hazina siri: milimita 3, vikataji, siku mbili kwenye sponji. Kikataji kikigoma kuachia, kigonge ukingoni mwa meza badala ya kuchokoa herufi kwa kisu.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, achana na vijipira vigumu na maua madogo yaliyokauka. Gampesti kavu ni ngumu kweli, na kitu kidogo, kigumu na cha mviringo kinaweza kuziba koo. Vitu bapa na vyembamba vinavunjika kinywani na kuyeyuka.

Siku ya pili: kupaka

Rangi ya unga ipake kavu, kwa brashi laini, ukianzia ukingoni kuelekea katikati. Chota, gonga brashi kwenye kitambaa, ndipo uguse pambo. Mashavu ya tembo yanahitaji mguso mmoja wa waridi. Kisha pitisha kila kipepeo juu ya mvuke wa birika kwa sekunde 2, huku umemshika kwa koleo: mvuke hufuta weupe wa wanga na kuishikisha rangi. Sekunde 5 ni nyingi, mabawa yatalegea.

Siku yenyewe

Adui wa gampesti ni unyevu. Hadi leo mapambo yawe kwenye boksi la kadibodi, kamwe yasiwe kwenye friji wala kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa. Sukari hunyonya maji ya hewani, na pambo lililotoka friji hutoka jasho, hung'aa na kuinama.

Keki iliyofunikwa fondanti hupokea mapambo bila shida. Krimu ya siagi pia, ila paka sehemu ya chini ya kila pambo chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa na uiache igande, iwe ukuta kati ya sukari na krimu. Krimu ya maziwa iliyopigwa ina maji mengi. Juu yake panga dakika chache tu kabla ya mishumaa, la sivyo vipepeo watayeyuka mbele ya wageni.

Anza na namba, kwa sababu vijiti vyake vinahitaji nafasi. Isukume ukishika vijiti, si namba. Fuata tembo na kisahani chake, kisha herufi, na vipepeo mwisho, ukiwabandika kwa nukta ya aisingi. Mishumaa ikae mbali na vyote kwa upana wa vidole vinne. Kama keki inasafiri, ipeleke ikiwa tupu na mapambo kwenye boksi lake yakiwa yamelazwa juu ya sponji, upange ukifika. Beba gundi, brashi na kipande cha donge bichi cha rangi ya kila pambo. Bawa lililovunjika njiani hurudi mahali pake kwa dakika mbili.

Kabla ya kisu kushuka, ng'oa namba, hesabu vijiti viwili mkononi mwako, kisha mshushe tembo na kisahani chake umpe mwenye siku. Kama familia inataka kumhifadhi, akae kwenye boksi la kadibodi mahali pakavu, mbali na jua, naye atadumu miezi mingi. Ila huyo wa kuhifadhi huwa namtengeneza wa pili, kwa sababu wa kwanza kwa kawaida hukosa sikio moja kabla sijamaliza kufuta kisu.